Ugonjwa wa Sungura wa Australia, na Mafunzo Yake

Mara nyingi tumesikia watu wakisema kwamba ugonjwa ni kama mgeni. Mwanzo huja kwa makelele na kuwasumbua wenyeji, lakini akisha kukaa sana huzoea nyumba, na wenye nyumba humzoea yeye, mwisho wakaishi pamoja kwa amani. Wenye kusema hivyo huongeza, "Basi tusihangaike, ugonjwa huu utapoa wenyewe."

Katika mazungumzo haya twataka kuyapima maneno hayo. Je, ni kweli kwamba kila ugonjwa hupungua ukali wake kwa kadiri unavyokaa na watu au wanyama? Na ikiwa vijidudu vya ugonjwa huishi kwa kula mwili wa mwenyeji wao, kwa nini vimwue? Mtu hachomi nyumba anayolala ndani yake. Maswali haya si ya wanavyuoni tu. Mzazi anayefikiri kama ampeleke mtoto wake kuchanjwa, na mfugaji anayefikiri kama amwite bwana mifugo, wote wawili hujibu maswali haya kwa matendo yao, hata kama hawakuyatamka kwa kinywa.

Ili tupate jibu, tutasimulia habari ya sungura wa Australia. Twajua kwamba katika ngano zetu sungura ndiye mwerevu kuliko wanyama wote. Humshinda simba, humdanganya fisi, na huokoka katika kila mtego. Lakini sungura wa habari hii ni yule wa Ulaya, mwenye kuchimba mashimo, ambaye watoto wetu humfuga katika vibanda. Naye aliokoka pia, ila si kwa werevu. Aliokoka kwa njia nyingine, na kwa thamani kubwa mno.

SUNGURA WALIVYOFIKA AUSTRALIA

Zamani hapakuwa na sungura wa namna hiyo katika bara la Australia. Mwaka 1859 tajiri mmoja mwenye asili ya Uingereza, jina lake Thomas Austin, aliletewa kwa jahazi sungura wapatao 24 kutoka kwao. Akawafungua katika shamba lake liitwalo Barwon Park, katika jimbo la Victoria, ili yeye na wageni wake wapate kujifurahisha kwa kuwawinda.

Wanyama hao walikuta majani tele, udongo mwepisi wa kuchimba, na adui wachache. Sungura jike huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na kila mara huzaa watoto wengi. Kabla ya miaka mingi kupita, sungura walikuwa wameenea majimbo mengi, wakila malisho ya kondoo hata nchi ikabaki vumbi tupu. Watu waliwapiga bunduki, wakawatega, wakawatilia sumu, wakayachimbua mashimo yao. Katika Australia ya Magharibi serikali ilijenga ua wa waya kukata nchi toka pwani hata pwani. Ulipokwisha mwaka 1907 urefu wake ulikuwa zaidi ya maili 1,100. Sungura walikuwa wamekwisha kuvuka upande wa pili kabla ua haujamalizika. Kufika katikati ya karne ya 20, watu walikisia kwamba hesabu yao ilikuwa kama milioni 600.

Mwaka 1887 serikali ya New South Wales ilitangaza zawadi ya pauni 25,000 kwa mtu yeyote atakayepata njia ya kuwamaliza. Mwanachuoni mashuhuri wa Ufaransa, Louis Pasteur, aliposikia habari hiyo alituma watu wake Sydney mwaka uliofuata, nao walichukua vijidudu vya ugonjwa wa kuku uuao sungura pia. Wakavitia katika chakula, wakawapa sungura. Waliokula walikufa. Lakini wale waliokaa karibu nao bila kula chakula kile, wengi wao hawakupata neno. Ugonjwa uliua, walakini haukuenea, na zawadi haikutolewa.

Twaomba wasomaji wetu waliweke jambo hili moyoni, kwa maana ndio ufunguo wa habari yote inayofuata: kuua ni jambo moja, na kuenea ni jambo jingine. Kijidudu kiuacho bila kuenea hufa pamoja na maiti yake.

UGONJWA WA AMERIKA YA KUSINI

Mwaka 1896, katika mji wa Montevideo, nchi ya Uruguay, daktari Mwitalia aitwaye Giuseppe Sanarelli alikuwa akifuga sungura wa Ulaya kwa ajili ya kazi yake ya utafiti. Ghafula wakaanza kuugua. Vichwa vyao vilivimba, macho yakaziba kwa usaha, uvimbe laini ukatokea mwilini, na baada ya siku chache wakafa takriban wote. Ugonjwa huo ukaitwa miksomatosisi, na siku hizi twajua kwamba huletwa na virusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoweza kuzaana ila ndani ya chembe hai za mwili wa mwingine.

Ugonjwa huo ulitoka wapi? Miaka mingi baadaye mwanachuoni wa Brazil, Henrique de Beaurepaire Aragão, alionyesha kwamba virusi hivyo vyakaa katika sungura wa porini wa Amerika ya Kusini. Na ajabu ni kwamba sungura huyo wa porini haumwi sana. Mahali alipoumwa na mbu hutokea kinundu kidogo katika ngozi, hukaa kwa majuma, kisha hupona. Mbu akija kunyonya damu palepale, mdomo wake huchafuka kwa virusi, kama sindano isiyosafishwa, naye huvipeleka kwa sungura mwingine. Virusi havizaani ndani ya mbu. Mbu ni mchukuzi tu.

Basi tazama: virusi ni vilevile, mbu ni walewale, lakini mwenyeji mmoja hutoka kinundu, na mwenzake aliyetoka ng'ambo ya bahari hufa. Kwa mwenyeji wa zamani, virusi na mnyama walikuwa wamekwisha kuzoeana kwa vizazi visivyohesabika. Kwa mwenyeji mpya hapakuwa na mazoea yoyote. Hapo yule asemaye kwamba ugonjwa ni kama mgeni huona maneno yake yametimia. Lakini na asubiri kidogo.

MWAKA 1950

Aragão alishauri kwamba virusi hivyo vitumiwe dhidi ya sungura wa Australia, na daktari mwanamke wa huko, Jean Macnamara, akashikilia shauri hilo kwa miaka. Majaribio ya kwanza yalifanywa mahali pakavu penye mbu wachache, na ugonjwa ukazimika. Mwaka 1950 wakajaribu tena katika bonde la mto Murray. Miezi ikapita; sungura waliotiwa ugonjwa wakafa, lakini haukuenda mbali. Watu wakakaribia kukata tamaa.

Ndipo mwezi wa Desemba, wakati wa joto wa nchi ile, mbu walipokuwa wengi kando ya mito, ugonjwa ukalipuka. Ulifuata mito, ukaruka kutoka bonde hata bonde, na baada ya miezi michache ulikuwa umeenea katika nchi yenye marefu ya zaidi ya maili 1,000. Penye ziwa Urana, mahali palipochunguzwa kwa uangalifu, sungura zaidi ya 99 katika kila 100 waliougua walikufa. Wenye kondoo waliona majani yakiota mahali ambapo hawakuyaona tangu utoto wao.

Wakati uleule watu kadhaa katika bonde la Murray walishikwa na ugonjwa wa ubongo, na wananchi wakaanza kunong'ona kwamba ni ule wa sungura umewaingia wanadamu. Hofu ikawa kubwa. Basi wanavyuoni watatu, Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, walijidunga wenyewe virusi vya sungura, na hawakupata dhara lolote. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1951, wananchi wakatulia. Ugonjwa wa ubongo ulikuwa na virusi vyake vingine.

KILICHOTOKEA BAADAYE

Fenner hakuridhika kutazama maiti tu. Alitaka kujua virusi vitakuwaje mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi. Kwa hiyo yeye na wenzake walikusanya virusi kutoka kwa sungura wa porini mwaka baada ya mwaka, wakavipima kwa sungura wa kufugwa ambao jamaa zao hawakuwahi kuujua ugonjwa huo. Kwa njia hii kipimo kilikuwa kimoja siku zote. Kama sungura wa kufugwa wakifa wachache zaidi, basi ni virusi vilivyobadilika, si sungura.

Aliviweka virusi katika daraja tano. Daraja la kwanza ni vile viuavyo zaidi ya 99 katika 100, tena kwa muda usiofika majuma mawili. Daraja la tatu huua kati ya 70 na 95, na mgonjwa huishi majuma mawili na nusu hata manne. Daraja la tano huua chini ya nusu. Virusi vilivyofunguliwa mwaka 1950 vilikuwa vya daraja la kwanza. Lakini baada ya miaka michache tu, virusi vingi vilivyookotwa porini vilikuwa vya daraja la tatu. Hata watu walipofungua virusi vikali upya mara kwa mara, havikushika nchi; vile vya katikati vilivishinda.

Kwa nini? Je, virusi viliwahurumia sungura? Hasha. Virusi havina akili, wala nia, wala huruma. Tufikiri juu ya mwandishi anayenakili kitabu kikubwa kwa mkono. Hata awe hodari namna gani, hapa ataacha nukta, pale atazidisha herufi. Atakayenakili kutoka katika nakala yake atayaandika makosa yale na kuongeza yake. Virusi navyo hujinakili mara nyingi mno katika mwili mmoja, na katika nakala hizo hutokea makosa. Makosa mengi hayana faida, au huviharibu virusi vyenyewe. Machache huvifanya vikali zaidi, na machache huvifanya vipole zaidi. Ni nani atakayechagua ipi iendelee? Katika habari hii, mchaguzi alikuwa mbu.

Mbu huuma sungura aliye hai. Sungura mwenye virusi vya daraja la kwanza alikufa upesi, na siku za mbu kumwendea zilikuwa chache. Mwenye virusi vya daraja la tatu alikaa na uvimbe wake wazi kwa siku nyingi, akaumwa na mbu wengi, na kila mbu alichukua sehemu yake. Katika majira ya baridi, mbu walipoadimika, mgonjwa aliyechelewa kufa ndiye aliyeubeba ugonjwa hata majira ya mbu yakarudi. Kwa upande mwingine, virusi vilivyo vipole mno vilizaana haba katika ngozi, na mgonjwa alipona upesi; mbu alipomwuma hakupata kitu. Basi vikali sana vilipotea, na vipole sana vilipotea, na vya katikati vikatawala.

Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Lakini tuangalie sana: virusi vya katikati vilikuwa bado vyaua sungura 70, 80, hata 90 katika kila 100. Huo si upole. Ni ukali uliopunguzwa kwa kadiri ya haja ya mbu tu, wala si kwa faida ya sungura.

SUNGURA NAO WALIBADILIKA

Fenner na wenzake walipima pia upande wa pili. Waliwakamata sungura wachanga wa porini, ambao hawakuwahi kuugua, wakawatia virusi vya aina moja vilivyohifadhiwa tangu zamani. Mwanzoni, katika kila sungura 100, walikufa kama 90. Baada ya tauni kadhaa kupita katika nchi ileile, kabla ya miaka kumi kwisha, walikufa karibu 25 tu. Virusi ni vilevile vilivyohifadhiwa. Basi safari hii waliobadilika ni sungura.

Walibadilikaje? Hakuna sungura aliyejifunza kitu. Katika maelfu ya sungura wa mwanzo walikuwapo wachache ambao, kwa urithi wa wazazi wao, miili yao ilipigana vema kidogo kuliko wengine. Wenzao walikufa, wao wakazaa, na watoto wao wakarithi damu ile. Mwaka 2019 wanavyuoni waliwalinganisha sungura wa siku hizi na masalia ya sungura wa kale yaliyohifadhiwa katika majumba ya ukumbusho, wa kabla ya ugonjwa kufika. Wakaona kwamba katika Australia, Uingereza na Ufaransa, sungura walikuwa wamebadilika katika sehemu nyingi zilezile za urithi wao, ijapokuwa kila nchi ilipitia njia yake peke yake.

Maana ugonjwa ulifika Ulaya pia. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, alichoshwa na sungura walioharibu shamba lake, akawatia virusi sungura wawili tu. Shamba lilikuwa na ukuta, naye alidhani ukuta utatosha. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeenea Ufaransa na nchi jirani, ukavuka bahari hata Uingereza, na sungura wa Uingereza wakafa karibu wote. Huko mchukuzi mkubwa hakuwa mbu, bali kiroboto akaaye katika manyoya ya sungura mwenyewe; kikulacho ki nguoni mwako. Na huko pia, baada ya miaka michache, virusi vya daraja la kati vilishika nafasi ya vile vikali vya kwanza.

Habari hii ilipofika hapa, watu wengi waliridhika. Walisema, "Tumeona: ugonjwa hupoa, na mwenyeji huimarika." Lakini habari haikuishia hapo.

SEHEMU ILIYOSAHAULIWA

Sungura walipokuwa wamepata nguvu, virusi vya katikati viliwashinda kwa shida. Mwili wa sungura mwenye nguvu uliviua virusi kabla mbu hajavichukua. Sasa ni virusi gani vitakavyopata nafasi? Ni vile ambavyo, kwa makosa ya kunakili, vimekuwa vikali zaidi kuliko wenzao. Ndivyo ilivyokuwa. Kadiri sungura walivyoimarika, ndivyo virusi vikali vilivyoanza tena kupata faida.

Mwaka 2017 wanavyuoni walieleza walivyochukua virusi vilivyokusanywa Australia katika miaka ya 1990 na kuvitia kwa sungura wa maabara, ambao jamaa zao hawakupita katika tauni zile. Sungura hao walikufa kwa namna ambayo haikuonekana mwaka 1950: kinga ya miili yao ilivunjwa kabisa, hata vijidudu vingine vikawavamia kama jeshi liingialo mji uliobomolewa boma. Kwa sungura wa porini virusi hivyo vilionekana vya wastani. Kumbe havikuwa vya wastani; sungura ndio waliokuwa wamevaa ngao nene zaidi.

Uko pia ushahidi wa ugonjwa wa pili. Mwaka 1995 virusi vingine vya sungura, viletavyo kutoka damu ndani ya mwili, vilikuwa vikijaribiwa katika kisiwa cha Wardang, pwani ya Australia ya Kusini, vikatoroka na kufika bara. Hivi huua kwa siku mbili au tatu. Nzi hutua juu ya mzoga, huchukua virusi, na kuvipeleka kwa wazima. Katika ugonjwa huu mzoga wenyewe ni chombo cha kueneza, na kwa hiyo virusi havipati hasara kwa kumwua mwenyeji. Wanavyuoni walipovipima tena, kama walivyoeleza mwaka 2014, hawakuona upole. Waliona kwamba ukali umezidi, hali sungura nao wamezidi kupata nguvu.

Basi kanuni ya mgeni imevunjika. Ugonjwa hauna ahadi ya kupoa. Huenda upande wowote utakaouwezesha kufika kwa mwenyeji mwingine. Ikiwa njia yake yahitaji mgonjwa aishi na kutembea, huenda ukapungua ukali. Ikiwa njia yake haijali mgonjwa yu hai au amekufa, hauna sababu ya kupungua. Na mwenyeji akiongeza nguvu, ugonjwa nao waweza kuongeza.

HABARI ZA KWETU

Pengine msomaji atasema, "Australia ni mbali, na hao ni sungura." Haya, tuje kwetu.

Sotoka ilifika pwani ya Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitalia. Mwaka 1890 na 1891 ilikuwa katika nchi ya Wamasai, na mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi. Mahali pengi katika kila ng'ombe 100 walikufa 80, 90 au zaidi, na nyati na nyumbu wakafa pia. Njaa iliyofuata wazee waliisimulia kwa vizazi. Hawa walikuwa wenyeji wapya, kama sungura wa Montevideo. Katika miaka iliyofuata, sotoka nyingine katika Afrika Mashariki zilikuwa hafifu kwa ng'ombe, hata wafugaji hawakuzitambua kwa urahisi. Lakini mwaka 1994 na 1995 sotoka ya namna hiyo iliingia katika mbuga ya Tsavo, ikawaua nyati na tandala kwa wingi. Upole wake kwa mmoja haukuwa upole kwa jirani yake.

Na sotoka haikwisha kwa kuzoeana. Katika miaka ya 1950 na 1960, huko Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri. Wachanjaji walikwenda kwa miguu hata maboma ya mbali. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka haipo tena.

Ndui ni ushahidi mkubwa kuliko huo. Ugonjwa huu ulikaa na wanadamu kwa karne nyingi. Kama muda peke yake ungaliupoza, ungalikuwa umepoa. Iko kweli namna moja ya ndui iliyokuwa nyepesi, iliyoua kama mtu mmoja katika 100. Lakini ile kali, iliyoua kama watu 30 katika 100, haikuondoka. Ziliendelea kuwako zote mbili hata zilipokomeshwa kwa chanjo. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua Merca, katika Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani.

Tutaje na malaria, tupate kuona thamani ya nguvu zipatikanazo kwa urithi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watoto waliorithi damu ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hukingika kwa kiasi na malaria kali. Ndiyo sababu damu hiyo imekuwa nyingi kandokando ya ziwa Victoria na katika pwani yetu, mahali palipokuwa na malaria siku nyingi. Lakini mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa mzito wa selimundu. Hii ndiyo ngao tuliyopewa na malaria: vizazi vingi vya watoto walikufa ili ipatikane, na hata leo wako watoto wanaoilipia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Na malaria bado ipo.

MWISHO WA MAZUNGUMZO

Sasa twaweza kumjibu yule asemaye, "Tuuache ugonjwa, utapoa wenyewe." Twamjibu kwamba sungura wa Australia waliuacha, kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Wazao wao wapo mpaka leo, tena ni wengi. Lakini kati ya kila 100 wa mwanzo waliougua, 99 hawakuuona mwaka wa pili, na wale wajukuu wenye nguvu wangali wanapigana na virusi vilivyopata nguvu pia. Kwa sungura hakuna mama anayemhesabu aliyekufa. Kwetu sisi kila mmoja ana jina.

Tena twamjibu kwamba tunalo jambo ambalo sungura hakuwa nalo. Tumeona kwamba anayechagua ukali wa ugonjwa ni njia yake ya kuenea. Njia hiyo sisi twaweza kuiziba. Chandarua humzuia mbu asifike kwa mgonjwa, na asitoke kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Maji yaliyochemshwa na choo kilichochimbwa mbali na kisima huzuia ugonjwa wa tumbo usipite. Maiti wa ugonjwa wa kuambukiza azikwe kwa uangalifu, kwa namna waelezavyo waganga wa serikali. Na chanjo humpa mtoto ngao bila kuwatoa ndugu zake kuwa bei yake.

Sungura wa ngano huokoka kwa akili. Sungura wa Australia aliokoka kwa vifo. Sisi tuliopewa akili tuifuate njia ya yule wa ngano, tusingoje kufuata njia ya huyu wa pili.